Utabiri ni Wako, Bei ni Yao

Msimu wa mavuno huleta pesa Isongole, huku Ileje mpakani na Malawi, kwa wiki chache tu. Mahindi yakishapukuchuliwa, wanunuzi hupanda kutoka Tunduma kwa ile lami ya Mpemba, wengine huvuka kutoka upande wa Chitipa, na mkulima ambaye tangu Novemba alikuwa mtu wa kutoa tu, hatimaye hushika laki kadhaa kwa mkupuo. Mwaka 2026 wiki hizo zinaangukia Kombe la Dunia, lililopangwa kuanza Juni 11 na kumalizika Julai 19. Ni timu 48 na mechi 104, nyingi zikichezwa usiku kwa saa zetu, kwa kuwa wenyeji ni Marekani, Kanada na Mexico. Mwaka unaofuata AFCON imepangwa kuchezwa nyumbani kwetu, Tanzania, Kenya na Uganda. Kwa hiyo pesa ya mazao na homa ya mabingwa zitakutana mfukoni kwa misimu miwili mfululizo. Makala hii ni ya kujiandaa kwa ajili ya misimu hiyo.

Mashauri mengi kuhusu kubeti huanza kwa kumkaripia kijana: mvivu, anataka utajiri wa haraka, hana malengo. Mimi sianzii hapo. Wasukaji wa mikeka ya kubeti ninaowaona mpakani ni bodaboda walioamka saa kumi na moja alfajiri, wabeba magunia, mama wa mgahawa, hata mwalimu. Wanafanya kazi. Wanabeti kwa sababu kazi yao ya siku nzima haiwafikishi popote, na ukitaka kumshauri mtu huyo lazima kwanza ukubali kwamba malalamiko yake ni ya kweli.

Tazama tu miaka ya karibuni. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, mbolea ilipaa bei hadi serikali ikalazimika kuweka ruzuku msimu wa 2022/23. Novemba 2023 benki kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44 kwa tangazo moja. Mfanyabiashara wa Isongole aliyelala na maburungutu ya kwacha ndani aliamka na karatasi zilezile zenye uwezo mdogo. Machi 2025 Malawi ilizuia mazao kadhaa kutoka nje, ukiwemo unga wa mahindi, mchele, ndizi na tangawizi. Aprili 23 Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi, na baada ya mazungumzo zuio letu likaondolewa. Ndizi hazisubiri mazungumzo. Aliyekuwa na mzigo njiani ndiye aliyelipa, na hakuna aliyemuuliza chochote.

Tumeambiwa tangu enzi za Mzee Mwinyi kwamba soko ni huria. Mtu wa Ileje anaona uhuru huo unakaa upande wa mnunuzi: yeye ndiye anayetaja bei, yeye ndiye mwenye lori, yeye ndiye anayeweza kusubiri. Kwa hiyo kijana anaposema ubepari umetufanya tuishi kwa makombo, simbishii. Ninachombishia ni hatua yake inayofuata. Baada ya kusema hayo, anatoa buku yake ya mwisho na kuipeleka kwenye biashara ambayo muuzaji anapanga bei peke yake, anajua mengi kuliko mteja, na amekwisha kukata fungu lake kabla filimbi haijapulizwa. Anaukimbia ubepari wa gulio na kuingia kwenye ubepari mkali zaidi, ulio ndani ya simu yake.

Hebu tuifungue hiyo bei, maana wengi huitazama kila siku bila kuifungua.

Chukua mechi ya mfano. Ushindi wa mwenyeji umepewa odi 1.85, sare 3.40, ushindi wa mgeni 4.20. Watu husoma namba hizi kama maoni ya mtaalamu: anadhani mwenyeji atashinda. Zisome kama bei dukani. Sema unataka urudishiwe shilingi 10,000 matokeo yoyote yakitokea. Utaweka 5,405 kwa mwenyeji, 2,941 kwa sare na 2,381 kwa mgeni. Piga hesabu kwa simu yako uhakikishe: kila moja ikitiki inakurudishia takriban 10,000. Sasa jumlisha ulichotoa. Ni 10,727. Umetoa 10,727 ili upewe 10,000, na hakuna matokeo duniani yanayoweza kukuokoa. Hiyo 727 ni fungu la kampuni, lilikuwemo ndani ya odi kabla wachezaji hawajavaa viatu. Na bado kodi ya ushindi haijakatwa.

Watu wakiiona hesabu hii kwa mara ya kwanza husema, basi siweki pote patatu, naweka pale ninapopajua. Sawa. Lakini fungu lile liko ndani ya kila upande. Ukiweka kwa mwenyeji peke yake bado umenunua kitu kwa bei iliyoongezwa. Ili upate faida kwa muda mrefu haitoshi kuijua mechi. Ni lazima uijue kuliko waliopanga bei, tena uwazidi kwa kiasi kinachofidia lile fungu. Wao wana kompyuta, takwimu za kila mchezaji, na pesa za maelfu ya wateja zinazowaonyesha dakika kwa dakika watu wanaegemea wapi. Wakiona wengi wameegemea upande mmoja, wanaishusha odi ya upande huo. Kampuni haina haja ya kumjua bingwa. Haishabikii mtu. Anayetabiri ni wewe, wao wanauza.

Ndiyo maana matokeo ya ajabu hayawaumizi kama yanavyotuumiza sisi. Novemba 29, 2022, Yanga ilikwenda Mbarali, jirani zetu hapa tu, ikiwa imecheza mechi 49 za ligi bila kupoteza. Ihefu ikaifunga 2-1 pale Highland Estates. Mikeka mingapi ilichanika jioni ile, kila mtu alisikia mtaani kwake. Yanga haikuwa timu mbovu; msimu uleule ilitwaa ubingwa. Aliyesema Yanga itakuwa bingwa alikuwa sahihi, na bado angeweza kupoteza kila kitu kwa mechi moja. Oktoba 2023 ilirudi palepale ikafungwa 2-1 tena.

Januari 2024, pale San Pedro nchini Ivory Coast, Taifa Stars ilikutana na Zambia. Simon Msuva alifunga dakika ya 11. Kabla ya mapumziko Zambia ikabaki na wachezaji kumi. Tunduma ilikuwa inashangilia, Nakonde ng'ambo ya pili kimya. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha kwa kichwa. Mashindano yaleyale, wenyeji Ivory Coast walipigwa 4-0 na Equatorial Guinea, wakamfukuza kocha katikati ya mashindano, wakavuka makundi kwa kudra, kisha wakabeba kombe chini ya Emerse Faé kwa kuifunga Nigeria 2-1. Argentina ilianza Kombe la Dunia la 2022 kwa kufungwa na Saudi Arabia, ikamaliza bingwa. Senegal iliyotwaa AFCON ya 2021 ilitoka sare ya 0-0 na majirani zetu Malawi kwenye makundi. Kuna siku hata mechi yenyewe haichezwi: Machi 8, 2025 watu walikuwa wamekwisha safiri kwenda Dar es Salaam kuangalia Simba na Yanga, mchezo ukaahirishwa siku hiyohiyo, ukachezwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0.

Mimi napenda mpira kwa sababu hizi hizi. Kama bingwa angejulikana mapema, nani angekaa kibanda umiza mpaka usiku wa manane? Lakini kitu kinachopendwa kwa kuwa hakitabiriki hakiwezi kugeuzwa mshahara, na hilo halibadiliki hata ukiwa unaijua ligi ya Uingereza kuliko wachambuzi wa redio.

Nirudi kwenye hesabu kidogo, kwa sababu mchezo unaopendwa zaidi mtaani si mechi moja. Ni mkeka. Mtu ana buku, anataka laki, anarundika mechi kumi, zote "za uhakika". Tuseme kila mechi kweli ina nafasi 70 kati ya 100 ya kwenda unavyotaka. Huo ni uhakika mkubwa. Nafasi ya zote kumi kutiki ni chini ya 3 kati ya 100, sawa na mara moja katika mikeka 35. Odi ya mechi ya namna hiyo mara nyingi itakuwa kama 1.33, ukizidisha mara kumi unapata 17.3. Maana yake utanunua mikeka 35 kwa 35,000, mmoja utatiki, utalipwa 17,300. Nusu imekwenda. Lile fungu dogo la asilimia saba hivi limejizidisha mechi kwa mechi, na kadiri mkeka unavyorefuka ndivyo linavyonenepa. Bonasi ya mkeka mrefu ipo kwa sababu hiyo. Ile jakipoti ya mechi 13, ambayo kila mechi ina matokeo matatu, ina namna 1,594,323 za kujazwa. Siongezi neno hapo.

Mkeka uliochanika kwa mechi moja ndio unaodhuru zaidi kichwani. Tisa zimetiki, moja imeharibu, na mtu anahisi alikuwa karibu. Hakuwa karibu. Katika mikeka kumi ya mfano wetu, zaidi ya mmoja utachanika kwa mechi moja tu, kwa kawaida kabisa. Ni sehemu ya hesabu ileile, lakini moyo unaisoma kama ahadi, na kesho yake pesa ya mafuta ya pikipiki inafuata.

Kuhusu kile kindege cha kwenye simu na mashine za dubwi za pembeni mwa maduka: humo hamna mpira, hamna ujuzi, hamna cha kuchambua. Ni programu inayotoa matokeo kila baada ya sekunde chache. Usiziguse. Na mtoto wa shule akionekana kwenye dubwi, mwenye duka aambiwe siku hiyohiyo. Sheria inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza, na mwenyekiti wa kitongoji ana haki ya kuuliza.

Wapo pia wauzaji wa mechi "zilizopangwa" kwenye WhatsApp na Telegram. Ujue wanavyofanya. Anakusanya watu 900. Kundi la 300 analitumia ujumbe kwamba mwenyeji anashinda, 300 wengine sare, 300 mgeni. Lolote litokee, watu 300 wameona amepatia. Wiki ya pili anawagawa hao 300 kwa tatu, wanabaki 100. Wiki ya tatu wanabaki 33 ambao wameshuhudia mtu akipatia mara tatu mfululizo bila kukosea. Hao ndio anaowaomba 50,000 kwa mechi ya nne. Kama ujumbe wa namna hiyo umekufikia na unakuvutia, muulize tu kwa nini anauza siri badala ya kuitumia.

Sasa tufanye nini na huo utabiri, maana kumwambia mtu aache kutabiri bingwa ni kumwambia aache kuwa mtu wa mpira?

Nunua daftari la kurasa 48. Kabla ya Juni 11 andika bingwa wako, andika nusu fainali yako, na kila siku andika mechi ulizochagua, odi zilizokuwepo, na kiasi ambacho ungeweka. Usiweke. Julai 19 jumlisha ungetoa kiasi gani na ungerudishiwa kiasi gani. Fanyeni mkiwa wengi, kila mmoja na ukurasa wake, karatasi kubwa ibandikwe ukutani kwenye kibanda umiza ili ubishi uwe na ushahidi. Mwenye kibanda atafaidika, kwa kuwa watu watarudi kuona nani anaongoza. Aliyepatia zaidi atajulikana mtaa mzima, na heshima hiyo haikatwi kodi. Nasisitiza kuandika kwa sababu kumbukumbu yetu inahifadhi mkeka uliotiki na kutupa ile iliyochanika. Ukimuuliza mtu kwa miaka miwili amebeti kiasi gani, atakutajia ushindi wake mkubwa. Kama umekuwa ukibeti kwa pesa halisi, chukua taarifa ya miamala kwenye simu yako, tafuta malipo yaliyokwenda kubeti kwa mwezi mmoja tu, uyajumlishe. Ukimaliza hapo hutahitaji ushauri wangu.

Kama bado utaweka pesa, basi iwe pesa ya soda. Amua kiasi cha mwezi kabla mwezi haujaanza, na ikiisha imeisha. Weka mechi moja, usirundike. Usiongeze dau ili kurudisha kilichopotea. Hapo ndipo nyumba nyingi zinapoanza kuungua. Usibeti mechi ya timu unayoipenda. Usibeti usiku ukiwa umekunywa, na mechi nyingi za Kombe hili ni za usiku. Makampuni mengi yana sehemu ya kujiwekea kikomo au kujifungia akaunti kwa muda; itafute sasa ukiwa mtulivu, maana ukishachanganyikiwa hutaitafuta.

Na usikope. Hili nalirudia kwa nguvu zangu zote, kwa kuwa ndipo hali ngumu ya uchumi na mkeka vinaposhikana mikono. Mtu amekosa 50,000 ya karo, anakopa kausha damu, anaiweka kwenye timu ili ilipe karo na deni kwa pamoja. Kesho yake ana karo, deni na aibu. Benki Kuu ya Tanzania imeweka kikomo cha riba kwa watoa mikopo midogo: asilimia 3.5 kwa mwezi. Mkopo wa 100,000 kwa mwezi mmoja ungepaswa kurudi 103,500, yaani riba ya 3,500. Anayekudai 130,000 anakutoza karibu mara tisa ya riba hiyo. Muulize leseni yake kabla hujaweka dole gumba. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Kama programu yako inatisha kuwapigia ndugu na wakwe zako, iwe na kibali au isiwe nacho, ifute simuni na umweleze mtu unayemwamini ndani ya familia kabla hawajaanza kupiga.

Nimesema hasira ya kijana ni ya kweli. Basi ipelekwe mahali inapoweza kufanya kitu.

Anza na lumbesa. Kwa kanuni za vipimo gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100. Wewe umeuza "gunia", lakini lile lenye kofia ya juu lina kilo 120. Kwa bei ya 600 kwa kilo, umetoa bure 12,000. Kwa magunia 20 umetoa bure 240,000. Fikiria ni mikeka mingapi ya buku ingechanika mpaka ifike hapo, na hii imekwenda asubuhi moja, kwa hiari, mbele ya watoto wako. Wakulima watano wakichangia mizani moja na kukataa kwa pamoja kuuza bila kupima, wamepata faida ambayo hakuna mtabiri anayeweza kuwapa. Mmoja akikataa peke yake mnunuzi atahamia kwa jirani. Watano wakikataa atapima. Wakala wa Vipimo yupo, mtendaji wa kata yupo, na gunia la lumbesa halifichiki.

Kisha mkutano mkuu wa kijiji. Unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Ndugu zangu vijana, ninyi mnaojua nani alitoa pasi ya mwisho kwenye bao fulani la mwaka 2012, mnajua ushuru wa mazao uliokusanywa kijijini kwenu mwaka jana ulikuwa kiasi gani? Nendeni mkaulize kwa namba, vilevile mnavyobishana kwa namba kibandani. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisitishwa mwaka 2023 ikarejeshwa 2024. Ni mkopo usio na riba. Inataka kikundi, katiba, akaunti na uvumilivu wa kumfuata afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ni njia ya polepole na wakati mwingine inachosha kwa makaratasi, lakini ni pesa ya ushuru wenu wenyewe, na vikundi vya vijana visipoiomba itaombwa na wengine.

Nimeacha kwa makusudi jambo ninalolipenda zaidi. Watu wa mpakani ni watabiri wazuri kuliko wanavyojijua. Mama anayebadilisha fedha anajua kwacha inaelekea wapi kabla redio haijasema. Dereva wa Tunduma akiona foleni ya malori imefika mbali, anajua kuna jambo limekwama upande wa Zambia. Mlambya mwenye shangazi Chitipa anajua mahindi yao yameungua na jua au yamestawi. Mwaka 2024 ukame ulipoipiga Zambia na serikali yake ikatangaza janga mwezi Februari, waliokuwa na mahindi Songwe na masikio wazi walielewa maana yake mapema. Huu ni utabiri ambao wewe una taarifa na mwenye kompyuta ya mbali hana. Kwenye odi za Kombe la Dunia mambo yamegeuka, yeye ndiye mwenye taarifa. Kwa nini upeleke akili yako pale unapozidiwa?

Kwa kawaida bei ya mahindi huwa chini wakati wa mavuno, kila mtu akiuza, na hupanda kuelekea miezi ya njaa ya Desemba hadi Februari. Si kila mwaka. Serikali inaweza kufungua maghala, mpaka unaweza kufungwa kama tulivyoona 2025. Kwa hiyo usishikilie yote. Ningekushauri hivi: uza kiasi cha kulipa madeni halali na karo, nunua mbolea ya msimu ujao mara tu ruzuku inapofunguliwa, ukiwa umehakiki namba yako ya usajili mapema, toa chakula cha nyumbani, kihesabiwe kwa magunia na si kwa macho, kinachobaki kiweke kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile ya PICS, ili dumuzi wasikumalize. Kisha uuze kidogokidogo kadiri habari zinavyokuja. Ukikosea utabiri wako, bado una mahindi ya kula. Mkeka ukichanika huna cha kupika.

Mpangilio huo ufanywe na watu wawili. Pesa ya mavuno inayokaa kwenye simu ya mtu mmoja, yenye namba ya siri ya mtu mmoja, wakati wa mechi 104, iko hatarini hata kama mtu huyo ni mwema. Baba, mwambie mama wa nyumba kiasi kilichoingia siku kilipoingia. Gaweni palepale: mbolea ilipwe, karo ipelekwe shuleni hata kabla ya muhula, sehemu iende kwenye kikoba ambako haitoki kwa kidole gumba usiku. Mama, ukigundua mume au kijana wako amepoteza, usimtangaze kwenye kikundi. Mwite pembeni, muulize deni ni kiasi gani kwa jumla na anadaiwa na nani, na uandike. Mtu mwenye madeni ya kubeti huficha nusu ya kwanza anapoulizwa kwa ukali. Muulize tena baada ya siku mbili, kwa upole uleule. Kijana akikubali, simu yake ya pesa ikae kwa dada au mjomba kwa mwezi mmoja, naye abaki na fedha taslimu ya matumizi ya siku. Asitengwe na mpira. Aende kibandani na wenzake, abishane, aandike ukurasa wake ukutani.

Wenye vibanda umiza nao wana nafasi. Kama kaunta ya kubeti iko mlango uleule wa kuingilia, isogezeni. Wakala wa pesa akimwona mteja amerudi kuweka mara ya nne usiku mmoja, anaweza kusema, kaka, tufunge hesabu tuendelee kesho. Hakuna sheria inayomlazimisha kusema hivyo. Lakini mteja huyo ni mtu wa kijiji chake, na Agosti atamhitaji akiwa na mtaji wa kununua mbegu.

Kwa anayetaka kuanza leo, jambo la kwanza ni taarifa ya miamala ya mwezi uliopita, la pili ni mizani ya pamoja na majirani wanne. Mizani iulizwe bei Tunduma kabla ya wanunuzi kupanda, na ihakikishwe ina stempu ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu.